Chini ya Lundo la Marudio

Mgodini, Shelui
4 Oktoba 2023

Mwanangu Jesca,

Mimi mama yako ni mzima, mbuzi ni wazima, kuku mmoja ameliwa na kicheche. Salamu ziishie hapo, maana nikianza kutaja wote wanaokusalimu kanisani karatasi itaisha kabla sijasema lililonikalisha kuandika.

Wanataka kulichimba lundo.

Jumapili baada ya ibada baba yako mdogo Gaspari alisimama mbele ya watu. Akasema kikundi chao cha wachimbaji kimepata mtu mwenye katapila, anaitwa Melkizedeki, na mwezi wa kumi na mbili watalichota lundo lote la marudio wakalioshe upya, eti mashine za Wazungu wa zamani ziliacha dhahabu nyingi kwenye ule mchanga. Watu wakapiga makofi. Wengi ni vijana, hawajui. Mimi nilibaki kwenye benchi. Chini ya lile lundo kuna duara, lile shimo la dhahabu alilokuwa anachimba baba yako. Miaka kumi na mitano Festo yuko mle ndani. Hakuoshwa, hakuvikwa sanda, hana msalaba, lakini amelala. Leo waje na chuma wamchote pamoja na mchanga, wampakie kwenye lori kama kokoto? Mwanangu, siku hiyo na mimi wanichote.

Nilimfuata Gaspari nje nikamwambia, "Shemeji, na kaka yako je?" Akanijibu maneno yake, siyaandiki hapa. Watu wa dhahabu ndivyo walivyo.

Ndipo nikakumbuka buibui wako. Mwezi wa saba ulipokuja na mwalimu wako mkalala kifudifudi juu ya lundo kutwa nzima, watu walinicheka, wakasema binti wa Evodia amesoma mpaka amerudi kutambaa. Na mimi nilicheka kidogo, nisamehe. Mlihesabu vijumba thelathini na kimoja vyenye vifuniko, mkachomeka vijiti vyeupe. Ulisema hamjamwona buibui wa namna hii mahali pengine popote. Sasa nakuuliza, kama serikali inaweza kumzuia mtu asilime kwa sababu ya tembo, haiwezi kulizuia katapila kwa sababu ya buibui? Waandikie. Wewe una Kiingereza, una watu wenye mihuri. Mimi nina darasa la nne na magoti mabovu.

Usinipigie simu. Mtandao unashika kwenye kibanda cha chai cha Rukaiya tu, na pale stendi nikisema haloo, madereva wa malori wote wanajua jana nilikula nini. Andika, mpe kondakta wa basi la Mwanza, Rukaiya atanipokelea.

Mama yako,
Evodia


Morogoro
12 Oktoba 2023

Mama yangu, shikamoo.

Barua niliipata Ijumaa iliyopita, na usiku huo huo tukaandika ombi kwa watu wa mazingira. Wamelipokea, mama. Watu watatu watakuja kuliona lundo siku ya Alhamisi, tarehe 2 Novemba. Wakiviona vijumba kwa macho yao, uchimbaji unasimamishwa.

Nikueleze vizuri, maana utaulizwa. Wale wenye vijumba ni majike. Jike huchimba shimo lake akiwa mdogo, hulitandika nyuzi ndani, halafu hujishonea kifuniko cha mchanga juu. Hahami. Anaweza kukaa shimo hilo hilo miaka ishirini, akisubiri mdudu apite juu. Shimo likivunjwa akiwa mkubwa, mara nyingi hawezi tena kuanza upya. Tumemtafuta mashambani, porini, na kando ya barabara mpaka Misigiri, hatujampata. Nadhani anaishi pale kwa sababu ule mchanga uliosagwa ni laini, hautuamishi maji, na hakuna anayelima wala kupiga dawa ya alizeti. Watu wameitupa ile ardhi, yeye akaiokota.

Mimi sitakuwepo. Wamesema aliyeleta ombi asiwepo, isionekane amewaongoza. Kwa hiyo nakutegemea wewe. Zuia ng'ombe na watu wasikanyage pale juu. Nakuomba hilo tu.

Kuhusu baba mdogo, mimi wala sishangai. Nilikuwa na miaka tisa, mlikuwa mmenipeleka kwa bibi kule Ndago, lakini nilirudi nikakuta kila mtu anajua nani alisema duara lifukiwe baba akiwa ndani. Aliyeweza kufukia hatashindwa kufukua, kama kuna dhahabu.

Kula vizuri. Usibebe maji mengi.

Binti yako,
Jesca


Mgodini
3 Novemba 2023

Mwanangu Jesca,

Wageni wako walikuja jana, watatu, mama mmoja wa miwani na wanaume wawili. Niliwachinjia jogoo. Yule mama alikula vizuri, akasifu mlenda. Wanaume waliulizia soda, nikamtuma mtu kwa Rukaiya.

Tulipanda pale juu saa nne. Jua lilikuwa kali. Walitembea huku na huku wakiinama. Waliniuliza vijumba viko wapi, nikasema viko hapa hapa. Wakainama tena. Mmoja akamwambia mwenzake jambo kwa Kiingereza, mwenzake akatikisa kichwa. Waliuliza na mambo mengine. Hawakuandika sana. Nadhani ni jua.

Ng'ombe hakukanyaga hata mmoja, hilo naapa. Nililala na fimbo.

Jesca, hivi kile kifuniko kikizibwa kwa juu, buibui ana pa kutokea kwingine? Nauliza tu, maana mtu hupenda kujua.

Wakikujibu chochote niambie haraka. Sili.

Mama yako,
Evodia


Morogoro
10 Novemba 2023

Mama, shikamoo.

Wamenijibu. Nakuandikia walivyoandika wao: "Sehemu ya juu ya lundo imesawazishwa na kusiribwa kwa udongo na mavi ya ng'ombe, imekauka kama sakafu. Vijiti vimeng'olewa. Hakuna kijumba hata kimoja kilichoonekana." Wanasema kwa hali hiyo hawana sababu ya kuzuia kazi. Katapila linaruhusiwa kuanza tarehe 4 Desemba.

Nimesoma mara nyingi, nimelia, mwalimu wangu amelia, mtu mzima yule. Thelathini na moja, mama! Sasa nina hasira tu. Hili si jambo la bahati mbaya. Mtu amekaa akafikiri: nikivunja vijumba nitashtakiwa, basi nisiribe, vitoweke bila mimi kuonekana nimevunja. Anayefaidika na lundo likiwa tupu ni mmoja. Nimewaandikia tena kwamba kuna mtu ameharibu eneo lililokuwa chini ya uchunguzi, na jina nimelitaja. Gaspari.

Wanataka shahidi. Mama, wewe unakaa pale chini, hakuna kinachopita usikione. Ulimwona baba mdogo akiwa pale siku zile kabla ya wageni? Niandikie ukweli, nitaupeleka.

Jesca


Mgodini
16 Novemba 2023

Mwanangu,

Umeniuliza, nakujibu. Gaspari nilimwona. Ilikuwa Jumanne kabla ya wageni, alipita pale kwenye lundo, akasimama. Nilimwona kwa macho yangu.

Zaidi ya hapo usiniulize. Mkono unauma leo, siwezi kuandika mengi.

Mama yako


Morogoro
21 Novemba 2023

Mama yangu mpendwa, shikamoo sana.

Maneno yako yamefanya kazi kuliko shahada yangu! Nilinakili yale ya Jumanne nikayatuma. Jana Jumatatu baba mdogo amechukuliwa na polisi, na mwenye katapila ameambiwa asisogee mpaka shauri liishe. Inaweza kuchukua miezi. Umeona? Baba hatachotwa.

Najua inakuuma, ni shemeji yako. Lakini ameyataka mwenyewe, tena si mara ya kwanza. Niliambiwa alipohojiwa hakukana wala hakukubali, alikaa kimya tu. Mtu asiye na hatia angepiga kelele.

Sasa lala usingizi, mama. Umekesha sana.

Binti yako,
Jesca


Mgodini
23 Novemba 2023

Mwanangu Jesca,

Kaa chini kwanza. Kama uko kazini, iweke barua hii mfukoni uisome ukifika chumbani.

Ni mimi niliyesiriba.

Siyo Gaspari, siyo kikundi. Ni mimi, kwa mikono hii. Uliponiandikia kwamba wageni watatu wa serikali wanakuja, nilipanda pale juu nikaona aibu. Kulikuwa na mavi ya mbuzi, maganda ya miwa, vumbi limetanda kila mahali. Nikasema, mgeni akija, uwanja unafagiliwa. Na uwanja ukitaka upendeze unausiriba, kama tunavyousiriba ule wa kupuria mtama, kwa udongo na mavi ya ng'ombe, ukikauka hata siafu hapandi. Nikawaza tena, siafu nao wasije wakawala buibui siku ile ile ya wageni. Nikabeba maji ndoo kumi na nne, na wewe ulinikataza. Nikang'oa vijiti vyako nikavilaza pembeni kwa adabu, nivirudishe nikimaliza, na nilipomaliza sikujua tena kipi kilikuwa wapi. Siku mbili nilipiga magoti pale. Nilikuwa naimba, Jesca. Nilidhani nakusaidia.

Gaspari alipita Jumanne, hilo ni kweli. Alisimama chini akaniita, "Shemeji! Buibui nao wana harusi?" Nikamjibu, "Pita zako, hukualikwa." Alicheka mpaka kile kikohozi chake kikamkamata, akaenda anakohoa anacheka. Kumwona kwenyewe ni huko. Nilikupa ukweli nusu, na nusu ya ukweli ndiyo imemfunga mtu.

Wageni walipouliza nani amesiriba, niliwaambia jogoo ameiva, tushuke tukale. Halafu wewe ukaniandikia jina lake. Nikajiambia, atasemwa siku mbili tatu, lundo litapona, halafu yataisha. Sikujua watamchukua kwa gari.

Jana Redempta alikuja, mke wake. Hakupiga hodi. Alikuwa na ndoo yangu mkononi, ile niliyochanganyia mavi, niliisahau nyuma ya lundo. Akaitupa katikati ya nyumba.

"Dada Evodia, ndoo hii ya nani?"

Nikasema yangu.

"Mume wangu analala sakafuni na kifua kile kilichojaa vumbi la mgodi. Nimemwambia, sema basi ulimwona nani pale juu. Unajua amenijibu nini? Eti mke wa Festo amebeba ya kutosha. Sasa mimi nimekuja kuona ulichobeba. Mbona mikono mitupu?"

Niliinama nikaiokota ndoo. Akatoka. Mlango hakuufunga.

Sasa nikuambie na lingine, kwa sababu nikiliacha leo sitalisema tena mpaka nife.

Neno la kufukia lilitoka mdomoni mwangu.

Duara lilipomwangukia baba yako, Gaspari alishuka mara mbili na kamba kiunoni. Mara ya pili walimvuta amezimia, sikio linatoka damu. Siku ya tatu mvua ilinyesha, lundo likawa linateremka kama uji, na wanaume wawili walikuwa wameshavunjika miguu. Gaspari akalala chini, sikio kwenye ardhi, akainua mkono tunyamaze. Halafu akaniita. Nikalala karibu yake. Nikasikia. Ngo. Ngo. Kama mtu anayetwanga nyumba ya mbali. Gaspari akainuka anajifunga kamba tena. Redempta alikuwa na mimba ya miezi minane, alimshika miguu akaburuzwa naye kwenye tope hakumwachia. Wazee wakanigeukia mimi, kwa kuwa mke ndiye mwenye neno la mwisho. Nilimtazama Redempta na tumbo lile. Nikasema fukieni, wasife wawili.

Walipokuwa wanafukia, baba yako alikuwa bado anagonga.

Gaspari ndiye aliyewaambia watu wote, atakayeulizwa aseme ni yeye Gaspari aliyesema. Alisema mtoto asije akamchukia mama, hana mzazi mwingine. Nikakubali. Ukakua, ukawa humwamkii kwa moyo, ukimpita unaangalia pembeni, na mimi nipo pale naona, nakoroga uji. Miaka kumi na mitano.

Na yale maneno aliyonijibu nje ya kanisa nisiyokuandikia, ni haya: "Shemeji, dhahabu ni ya Melkizedeki. Mimi namtaka kaka yangu nimzike." Hilo katapila alilitafuta kwa ajili hiyo. Asiyetaka Festo atoke ni mimi. Siyo kwa ajili ya mifupa, Jesca. Wakifukua wataona alikutwa wapi. Kama yupo pale alipoangukiwa, sawa. Lakini kama alisogea? Kama alichimba kwa mikono akafika karibu na juu? Wewe utaliona hilo, halafu utanigeukia. Mimi nitakutazama na uso upi?

Mvua ya kwanza imenyesha Jumamosi. Jumatatu nilipanda pale. Siriba imepasuka pasuka, na kwenye nyufa na hata pasipo ufa nimeona miviringo midogo, imekatwa safi kama kwa mdomo wa kikombe. Nimegusa mmoja kwa unyasi, ukanyanyuka, mguu ukachungulia ukarudi. Nimehesabu kumi na tisa. Wengine kumi na wawili sijawaona. Waambie watu wako waje. Na jina la Gaspari lifute, weka langu.

Kesho asubuhi nakwenda kituoni mwenyewe. Mbuzi nimemwachia Rukaiya.

Mama yako,
Evodia


Morogoro
5 Desemba 2023

Mama, shikamoo.

Karatasi hii ni ya tano. Nne nimechana.

Ya kazi kwanza, ni rahisi zaidi. Jina la baba mdogo nimelifuta siku ile ile, nimeandika kwamba nilikosea na nilimshtaki mtu kwa kukisia. Wamenionya, na mwalimu ameonywa kwa ajili yangu. Kituoni wameniambia ulifika na ndoo kama kielelezo, ukakataa kuondoka mpaka wakufungie, wakakupa kiti na chai. Najua baba mdogo ametoka. Najua pia kwamba anakohoa damu kidogo, Rukaiya amenieleza kwenye simu.

Yule mama wa miwani alirudi tarehe mosi na wataalamu wengine. Wameviona vijumba kumi na tisa. Mama, lundo limefungwa. Hakuna katapila, hakuna sululu, hakuna mtu kuchimba pale juu wala kwenye ukingo, na wataweka mawe ya mpaka. Niliuliza ni mpaka lini. Wamesema mpaka ijulikane kama buibui huyo yupo kwingine, na kama hayupo, basi hakuna mwisho. Umepata ulichokiomba Oktoba.

La pili sijui kuliandika. Sikulaumu kwa neno ulilosema kwenye mvua. Nimejiweka pale mara nyingi wiki hii, nikimtazama mama mdogo na tumbo lake, na kila mara nasema vile vile ulivyosema. Hilo nimekusamehe kabla sijamaliza ukurasa. Lakini uliniacha nimchukie mtu. Alikuja kunitembelea sekondari na kilo mbili za karanga, akasimama getini saa tatu, nikamtumia mtu aseme naumwa. Ulijua. Nilikusimulia nikicheka, na wewe ukanyamaza.

Siwezi kuja Krismasi. Siyo kazi. Siwezi tu, bado.

Mwambie baba mdogo shikamoo yangu. Kama hataipokea, usimlazimishe.

Jesca


Mgodini
20 Desemba 2023

Mwanangu Jesca,

Shikamoo yako niliipeleka. Nikuambie ilivyokuwa, usije ukasikia kwa Rukaiya, yeye huongeza chumvi.

Nilikwenda na unga wa mtama na kuku wawili. Redempta aliwafungua kuku kamba wakarudi wenyewe nyumbani kwangu, na unga akauacha mlangoni unyeshewe. Nikakaa pale pale kando ya unga. Tulikaa hivyo mpaka Gaspari akatoka amejifunika blanketi. Amekonda, Jesca, shingo imekuwa kama ya kuku wa mayai.

Akaniambia, "Shemeji, mwizi wa ng'ombe aliniuliza kule ndani, mzee una kesi gani? Nikasema buibui. Wakanihamishia kona, wakadhani ni ugonjwa."

Nilicheka. Halafu nikalia, nikashindwa kuacha. Nikampa salamu yako. Akasema, "Marahaba. Amekuwa mkubwa kweli." Akafuta uso na blanketi akasingizia kikohozi.

Nikamwambia yote niliyokuandikia, na lile la kuogopa Festo atakutwa wapi. Nilidhani atanitukana. Akasema, "Na mimi naliogopa hilo hilo. Kila mwaka. Lakini shemeji, wewe unaogopa tutaona amefika wapi, mimi naogopa kufa bila kwenda kumpokea." Nikasema sasa serikali imeweka mawe, nimemfungia mume wangu mara mbili. Akasema, "Umefunga lundo tu."

Akachukua kijiti akachora chini. Jesca, mdomo wa duara uko ukingoni mwa lundo, na ndio aliotaka katapila liufungue, lakini njia ya ndani haikukaa chini ya lundo. Walikuwa wanafuata mwamba, na mwamba ulielekea mashariki, kwenye shamba langu la alizeti. Ile sauti tuliyoisikia, Gaspari anasema ilitokea upande huo. Alipima kwa hatua zake siku ile ile akiwa na damu sikioni, na hakumwambia mtu, kwa sababu tulikuwa tumeshafukia. Ni hatua ishirini na sita kutoka ukingoni. Mawe ya mpaka yameishia kumi na tano. Hakuna buibui kule, nimetambaa mwenyewe nikaangalia kila shubiri, kama ulivyokuwa unafanya wewe.

Alizeti zilikuwa zimefika magotini. Tumezing'oa. Mwaka huu sitavuna, nitakula mtama wa mwaka jana.

Najua utakachosema. Mvua inanyesha, ardhi ni mbaya, sisi ni wazee, yeye ana kifua na mimi nina magoti. Yote nimeshayasema mimi, Gaspari akaniambia basi shika koleo ndogo. Amekata miti ya kuegemeza kuta, anajua kazi, kila tukishuka anapiga magogo na kusikiliza. Redempta alikuja siku ya pili. Hakunisalimia. Alileta kamba, akamfunga mumewe kiunoni, ncha nyingine akajifunga yeye, akakaa juu ya udongo. Leo amenifunga na mimi.

Usipeleke neno kwa yeyote aje kutuzuia. Nakuomba, Jesca. Sikuombi uje pia, umesema huwezi, na nimekuelewa. Lakini kama siku moja utaamka ukaona unaweza, usingoje barua, shuka stendi uje moja kwa moja shambani, usipitie nyumbani, hatuko nyumbani. Njoo na viatu vya mpira. Kama atakuwa mbali na juu, nitakuambia. Kama atakuwa karibu, nitakuambia vile vile, siwezi tena kukuandikia nusu.

Tulianza Jumatatu. Leo Jumatano shimo linamfika Gaspari kifuani. Mimi linanifika shingoni.

Mama yako,
Evodia